Jahazi Moja, Ngama Moja: Mpaka wa Kustahamiliana

Neno "kustahamili" lina udugu na neno "himili", na pia na neno "hamali". Yote matatu yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kubeba. Mwenye kustahamili, basi, ni mwenye kubeba. Na hamali yeyote wa bandarini, awe wa Mombasa au wa Lamu, ajua mambo mawili juu ya mzigo: kwamba mzigo usio na uzito si mzigo, na kwamba kila mgongo una kadiri yake. Kwa hivyo, asemaye kuwa jamii yapaswa kustahamili kila kitu, na asemaye kuwa haipaswi kustahamili chochote isichokipenda, wote wawili hawajapata kubeba gunia.

Swali la leo, ndugu msomaji, ni hili: mgongo wa jamii ukome wapi? Kitu gani tukibebe hata kama chatuuma bega, na kitu gani tukitue chini na kusema hapa basi? Ili kulijibu tutalipeleka swali hili Nairobi. Kwetu pwani Muislamu yu nyumbani, na aliye nyumbani ni shida kujua kama astahamili au yuastahamiliwa. Nairobi ni mji wa kila mtu. Huko mipaka ya kustahamiliana imechorwa, ikafutwa, ikachorwa tena, mara kwa haki na mara kwa dhulma.

KUTA ZA KITISURU

Tuanze Kitisuru, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji, katika jimbo la Westlands. Zamani palikuwa na mashamba ya kahawa. Leo pana majumba yaliyofichwa na miti na kuta, na juu ya kuta nyaya za umeme, na kila lango na askari wake. Miongoni mwa njia za kwenda upande huo kuna Barabara ya Peponi, na Mpwani alisikiapo jina hilo hujiuliza kama ni pepo ya akhera au ni pepo za kusi na kaskazi. Nyuma ya kuta hizo wakaa watu wa kila taifa na kila dini: Wakristo, Mabaniani, Waislamu, na wasiokuwa na dini yoyote. Ugomvi wa majirani hausikiki. Mpita njia aweza kusema: hapa watu wamejua kustahamiliana.

Lakini mtu ambaye hajainua gunia haitwi hamali. Majirani wasiojuana majina, wasioazimana chumvi, wasioalikana harusini wala kuzikana, hao hawajabebana. Wametengana tu. Ukuta waweza kuzuia ugomvi, lakini hauwezi kufunza watu kuishi pamoja, na siku ukuta ubomokapo wote huwa wageni.

Kuna kitu kimoja ambacho ukuta haukizuii, nacho ni sauti. Sauti haibishi hodi. Katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, yaani Westlands, Kilimani, Kileleshwa na jirani zake, malalamiko juu ya vilabu vya usiku yamekuwako miaka mingi. Kenya ina kanuni za kudhibiti makelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na mwishoni mwa mwaka 2022 Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku vilivyokuwa katika mitaa ya makazi. Wako waliofurahi, wako waliolia kuwa riziki yao imekatwa. Sisi hapa twatazama jambo moja: sheria kama hiyo yapima nini? Ikiwa yapima saa na ukubwa wa sauti, basi ni sheria ya haki, maana yamkuta mwenye disko, mwenye kesha na mwenye kipaza sauti cha msikitini kwa mizani moja. Lakini jirani anayelala usingizi mnono juu ya ngoma ya disko hadi alfajiri, kisha akaamka na kwenda kushitaki kwa sababu ya adhana ya dakika tatu, huyo hakuudhiwa na sauti. Ameudhiwa na mwenye sauti. Na Muislamu anayenung'unikia kesha la jirani yake Mkristo, ilhali mawaidha ya msikiti wake yalipazwa mtaa mzima hadi usiku wa manane, hana hoja iliyo bora.

Tofauti hiyo kati ya jambo na mwenye jambo ndiyo tutakayoifuata mpaka mwisho wa makala haya.

MPAKA WA RANGI

Kutoka Kitisuru tushuke mjini, mpaka Mtaa wa Banda. Hapo umesimama Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na minara yake miwili na makuba yake matatu. Karibu naye kabisa kuna jengo jingine la zama hizo hizo, lenye nguzo nzito na simba wawili wa mawe mlangoni. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir Northrup McMillan.

Majengo haya mawili ni majirani, lakini milango yao ilikuwa na desturi mbili mbalimbali. Mlango wa msikiti haukumwuliza mtu rangi yake: Mpunjabi, Mswahili, Msomali na Mnubi walisimama safu moja. Mlango wa maktaba, tangu ulipofunguliwa hadi mwaka 1958, ulikuwa wa Wazungu peke yao. Fikiri, msomaji, juu ya watu waliosali Ijumaa kwa Ijumaa hatua chache kutoka kwenye nyumba iliyojaa vitabu, wasiruhusiwe kufungua hata kimoja. Hawakushitakiwa kwa kuchana vitabu wala kupiga kelele chumbani mwa kusomea. Kosa lao lilikuwa ngozi zao.

Hivyo ndivyo mji mzima ulivyopangwa. Mwaka 1913 Profesa Simpson, aliyeletwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya maradhi ya tauni, alishauri kila jamii itengewe mtaa wake. Ule waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliacha wazo la kuwatenga Wahindi na Wazungu kwa amri ya serikali, lakini masharti yaliyotiwa ndani ya hati za ardhi yaliendelea kuifanya kazi hiyo hiyo. Vilima vya magharibi vyenye hewa nzuri vikawa vya Wazungu, Wahindi wakajenga Parklands na Ngara, na Mwafrika akapewa Pumwani na kipande cha kuvaa shingoni. Serikali ile nayo ilidai kuwa yalinda usalama na afya. Kila mchora mpaka husema hivyo. Ndiyo maana haitoshi kuuliza kama mpaka uko. Yafaa kuuliza umepitishwa juu ya nini. Ule ulipitishwa juu ya watu, na kwa hivyo ulikuwa batili tangu siku ya kwanza.

WALIO SHETRINI NA WALIO NGAMANI

Je, mpaka wa haki ukoje? Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka twaijua hadithi ya watu wa safina, iliyopokewa na Nuuman bin Bashir na kuandikwa katika Sahihi ya Bukhari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipiga mfano wa watu waliogawana nafasi chomboni kwa kura. Wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwalazimu kupanda na kuwapitia wa juu. Wakaona heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwaudhi wenzao. Basi wakiachwa na azma yao, wote huangamia. Na wakishikwa mikono, wote huokoka.

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa maana ya tundu chini ya chombo. Lakini tuitazame hadithi hii kwa makini, kwani kila kipande chake kina hukumu yake.

Kwanza, mwenye keekee alisema kweli aliposema kuwa ile ni sehemu yake. Aliipata kwa kura halali. Lakini bahari haijui sehemu ya nani. Ngama ni moja. Pili, nia yake haikuwa mbaya, maana alitaka kuwapunguzia wenziwe adha. Kwa hivyo ni lile tundu lihukumiwalo, wala hatuna haja ya kumpasua mtu kifua tutazame nia. Tatu, dawa iliyotajwa ni kushikwa mkono. Haikusemwa atupwe baharini, wala haikusemwa kuwa wote wa chini wafungwe kamba kwa kuwa mmoja wao amekamata keekee. Nne, na hili aghlabu husahauliwa na wakaao juu, ni kwamba kiu ya wa chini ilikuwa kiu ya kweli. Lau wa juu wangeliwateremshia ndoo, huenda keekee isingelitafutwa.

Wenzetu wa Ulaya nao waliifikia hoja hii kwa njia yao. Karl Popper, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna aliyeihama nchi yake Wanazi walipokuwa wakikaribia, alichapisha mwaka 1945 kitabu juu ya jamii iliyo wazi na maadui zake. Humo alieleza kwamba jamii inayostahamili bila mpaka itawastahamili hata wale wanaotaka kuua ustahamilivu wenyewe, na mwisho wake utatoweka. Wengi wakumbuka maneno hayo na kusahau sharti aliloliweka: maadamu watu hao waweza kujibiwa kwa hoja, si busara kuwanyamazisha. Mpaka huanza pale wanapoikataa hoja na kuijibu kwa ngumi na bastola. Huyo naye amesema: utazame mkono.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeandikwa kwa roho hiyo. Kifungu cha 32 chatoa uhuru wa dhamiri na dini. Kifungu cha 33 chatoa uhuru wa kusema, kisha chasema wazi kwamba uhuru huo hauingii katika kuchochea vita, kuchochea fujo na kueneza chuki. Dini ya mtu haikuwekewa mpaka. Mpaka umewekwa pale aitapo watu kumwaga damu.

SIKU YA IJUMAA, JANUARI 2010

Sasa tuipime mizani hii kwa mambo yaliyotokea. Mwanzoni mwa mwaka 2010 alikuwako Kenya mhubiri kutoka Jamaika, Abdullah el-Faisal. Mwaka 2003 mahakama ya Uingereza ilikuwa imemtia hatiani kwa kuwachochea watu waue, na alipomaliza kifungo akarudishwa kwao mwaka 2007. Serikali ya Kenya ilimkamata na kutaka kumtoa nchini, lakini ikapata taabu kumpitisha katika nchi nyingine. Ijumaa ya tarehe 15 Januari waandamanaji walitoka Msikiti wa Jamia kudai aachiliwe. Baadhi yao walionekana na bendera nyeusi. Polisi wakatumia gesi na risasi, na wananchi wengine barabarani wakashika mawe na kuungana na polisi dhidi ya waandamanaji. Maisha yakapotea. Siku chache baadaye mhubiri akapakiwa ndegeni akarudishwa Jamaika. Mwaka 2023 mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa kuwasaidia magaidi.

Siku ile mambo mawili yalichanganywa ambayo yangepaswa kutengwa. Kudai kwamba mtu afikishwe mbele ya hakimu na asifungwe bila sheria, hilo ni dai halali, hata kama mtu mwenyewe hapendezi. Haki inayopewa wapendezao tu yaitwa upendeleo. Lakini kumpa mimbari mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kuhimiza mauaji ni jambo jingine. Anayehubiri kwamba damu ya asiyekuwa wa dini yako ni halali amekwisha kukamata keekee. Hapo Muislamu alikuwa na wajibu wa kushika mkono kabla ya polisi, maana tundu lilikuwa likitobolewa katika sehemu yake.

Na wale waliookota mawe? Wao hawakumwona mhubiri. Waliona kofia na kanzu, wakarusha. Mawe yale hayakuwa na habari za aliyechochea na aliyetoka kusali tu akaelekea kituo cha basi.

WESTGATE NA KASARANI

Miaka mitatu baadaye balaa liliufikia upande wa magharibi wa jiji. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 watu wanne wenye bunduki wa kundi la Al-Shabaab waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Westlands. Watu 67 waliuawa. Walionusurika walieleza jinsi wauaji walivyowauliza watu maswali ya dini ili wajue nani wamwache na nani wamuue. Pamoja na hayo, Waislamu nao walikuwa katika waliouawa. Aliuawa pia mshairi mkubwa wa Ghana, Kofi Awoonor, aliyekuja Nairobi kwa tamasha la fasihi.

Siku hiyo hiyo watu walionyesha namna nyingine ya kuishi. Abdul Haji, Muislamu, mwana wa Seneta Yusuf Haji, aliingia ndani na bastola yake na kusaidia kuwatoa watu asiowajua. Kituo cha Oshwal, cha jamii ya Wajain, kilicho karibu na jengo lile, kikafunguliwa kuwapokea walionusurika na waliotafuta jamaa zao. Hospitali za Parklands zikajaa majeruhi, na watu wa kila dini wakapanga foleni kutoa damu. Damu, kama tujuavyo, haina dhehebu; ina kundi A, B na O.

Lakini mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 2014, msako mkubwa ulioitwa Usalama Watch ulifanywa, na mtaa wa Eastleigh ukasombwa. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kuna methali yetu isemayo kuwa samaki mmoja akioza wote huoza. Ni methali nzuri kwa mchuuzi wa samaki, mbaya kwa askari na kwa hakimu. Wanadamu hawatiwi tenga moja. Mama aliyelala uwanjani na mtoto mgongoni kwa sababu ya lugha asemayo, amehukumiwa kwa kanuni ile ile iliyomfungia babu yake mlango wa maktaba. Mpaka ulikuwa umerudi tena juu ya mtu.

Athari ya namna hiyo haiishi upesi. Kwa miaka mingi vijana wa Kiislamu wa kaskazini-mashariki walipitishwa katika ukaguzi wa ziada kila walipoomba kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza kuufuta. Mtu anayeulizwa maisha yake yote kama ni wa chomboni kweli, ni vigumu kumfunza uchungu wa chombo.

WALIOSHIKA MIKONO

Isidhaniwe kwamba Waislamu walinyamaza. Mombasa wako masheikh waliosimama mbele ya vijana walioteka misikiti na kuita watu vitani. Mmoja wao ni Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya. Alipinga hadharani wito wa silaha, na mwezi wa Juni 2014 akauawa kwa risasi Mombasa. Kushika mkono wenye keekee hakufanywi kwa maneno mepesi. Wakati mwingine hulipwa kwa roho.

Na wako wasiokuwa masheikh. Mwezi wa Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa, abiria wasiokuwa Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera likasimamishwa karibu na El Wak. Wauaji wakaamuru tena watu watengane. Safari hii abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016 akiwa katika matibabu Nairobi. Kisa hicho kilitengenezewa filamu iitwayo Watu Wote, iliyoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Abiria wale hawakuwa na wakati wa kujadiliana juu ya falsafa. Hawakuulizana nani anakula nini, nani anasali vipi, nani atakwenda peponi. Tofauti zote hizo walizibeba. Jambo moja tu hawakukubali kulibeba: kusogea pembeni ili jirani auawe. Mpaka wao ulikuwa mahali pake hasa.

SHAKAHOLA

Huenda msomaji akasema: naam, bunduki yaonekana. Je, hatari isiyoshika bunduki? Hapo hatuna budi kuitaja Shakahola, huku kwetu kaunti ya Kilifi. Mwezi wa Aprili 2023 yalianza kufukuliwa makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumfikia Bwana. Miili iliyopatikana ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mhubiri huyo na wenziwe walifikishwa mbele ya mahakama kwa mashitaka ya ugaidi, kuua bila kukusudia, na mauaji ya watoto. Waliyakana.

Kabla ya hapo alikuwa ameshakamatwa na kushitakiwa zaidi ya mara moja, na kila mara akarudi kwa watu wake. Majirani waliona, walinong'ona, na wengi wakajiambia kuwa dini ya mtu ni siri yake na Mungu wake. Maneno hayo ni sahihi kwa mtu mzima achaguaye swala yake. Kwa mtoto anayenyimwa uji si sahihi hata kidogo. Ustahamilivu huo ulikuwa kutojali kulikovaa kilemba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na Shakahola hapakujengwa ukuta. Palichimbwa makaburi.

Wakati huo huo tujihadhari na waliotaka, kwa ajili ya mtu mmoja, kila kanisa dogo na kila madrasa ya kichochoroni itiwe kufuli. Hilo nalo ni kuwafunga kamba wote wa chini.

KITAMBAA HAKITOBOI CHOMBO

Kuna na yale ambayo hayana dhara lolote ila yaudhi macho ya mtu. Wasichana Waislamu wa shule moja ya sekondari huko Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist, waliomba kuvaa mtandio na suruali pamoja na sare yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilitengua hukumu hiyo kwa kuwa dai hilo halikuletwa kwa utaratibu unaotakiwa. Kwa hivyo swali lenyewe la mtandio lilibaki bila jibu la mwisho. Twaiheshimu mahakama. Lakini mtu yeyote na aipime sare ile kwa hadithi ya safina: yadi moja ya kitambaa yatoboa wapi?

Nasi tuipindue mizani itukabili. Katika miji yetu ya pwani mgeni aliyeuza nguruwe mtaani kwake, msichana Mkristo apitaye kichwa wazi, jirani alaye mchana wa Ramadhani nyumbani kwake, hao watoboa wapi? Hatukulazimishwa kuyapenda mambo hayo. Kustahamili maana yake ni kwamba hukupenda. Ukishapenda, umeridhia, wala hakuna mzigo. Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara aya ya 256, imeondoa kulazimishana katika dini. Wapokezi wa sira wametuhadithia Wakristo wa Najran walivyofika Madina na kuachwa wasali sala yao ndani ya msikiti wa Mtume. Ikiwa msikiti ule uliwabeba, mtaa wetu utaelemewa na nini?

MIZANI YA KILA SIKU

Basi kabla hatujasema hapa basi, tuulize mambo matatu. Je, lile tunalolikataa ni kitendo, au ni jina la mtu, ngozi yake na vazi lake? Je, kuna dhara inayomfika mtu mwingine, au ni moyo wetu tu uliochukia? Na je, kanuni hii tungeikubali kama ingetupata sisi katika mtaa ambao sisi ndio wachache? Likipita maswali yote matatu, tusione haya kuushika mkono, tena mapema, na wa jamaa yetu uwe wa kwanza. Likishindwa hata moja, tulibebe.

Lakini kwa wenye nguvu liko swali la nne. Kila asubuhi watu wapanda kwa miguu kutoka Kangemi kwenda Kitisuru na Loresho kufagia nyua, kulea watoto na kulinda milango ya wakaao juu. Jioni huteremka kwenda kungojea maji mferejini. Hao wamestahamili sana, wala hakuna aliyewaandikia makala kuwasifu. Wa shetrini wana haki kabisa ya kukataza kutobolewa kwa chombo. Wakataze, na ndoo waiteremshe.